Helikopta ya sita: vikosi maalum vinamfundisha nini mnunuzi wa hisa

Kiinua mgongo cha mwanajeshi hapa Nakuru kina njia zake za kawaida: ploti upande wa Lanet au Pipeline, matatu ya Gilgil, shamba la mahindi Rongai, vyumba vya kupangisha. Siku hizi wapo pia wanaofungua akaunti ya CDS, ile ya kuwekea hisa kielektroniki, na kuingia Soko la Hisa la Nairobi, na wengi huingia wakiamini kwamba jeshi limewaandaa. Limewaandaa kweli, ila si kwa kile wanachofikiria. Ujasiri hauna uhaba sokoni. Yeyote anayenunua hisa iliyopanda maradufu ndani ya miezi miwili anao wa kutosha. Kinachokosekana ni makaratasi ya kikomando: orodha ya ukaguzi, masharti ya kusitisha yaliyoandikwa kabla ya safari, mpango wa kutoka, na kikao cha tathmini baada ya kazi. Filamu haziyaonyeshi haya kwa kuwa hayalipuki.

Ninamzungumzia mtu anayenunua kwa thamani, yaani anayepima kwanza biashara ina thamani gani, kisha anangoja bei ishuke chini ya hapo kwa kiasi cha kutosha ndipo anunue. Anayenunua asubuhi na kuuza jioni kwa kutazama grafu ana vita vyake, na sina ushauri kwake.

Nambari iliyokubaliwa mezani

Aprili 1980 Marekani ilituma kikosi kwenda kuwaokoa mateka wake mjini Tehran. Helikopta 8 ziliruka kutoka manowari ya kubebea ndege, Nimitz, kuelekea kituo cha muda katika jangwa la Iran. Mpango ulikuwa umetamka mapema: zisipopatikana 6 zinazofanya kazi pale jangwani, operesheni inavunjwa. Moja ikaachwa njiani baada ya kuonyesha dalili ya ufa kwenye panga la rota. Ya pili ikarudi melini kwa sababu ya vumbi. Ya tatu ilifika, lakini mfumo wake wa haidroliki ulikuwa umeharibika. Zikabaki 5. Kanali Charles Beckwith, kamanda wa makomando wa Delta, alikataa kusonga mbele na 5, na operesheni ikasitishwa.

Fikiria shinikizo la saa ile. Miezi ya mazoezi imepita, rais anasubiri simu, mateka wako mbele. Tano haiko mbali na sita, na mtu aliyechoka anaweza kupata sababu kumi za kuamini kwamba tano zinatosha. Ndiyo maana nambari hupangwa mezani, watu wakiwa wamelala vizuri, na huandikwa.

Mnunuzi wa hisa anahitaji nambari kama hiyo kwa kila kampuni. Iandike siku ya kununua, kwenye ukurasa uleule wenye bei na tarehe. Masharti yawe matatu au manne, yawe na tarakimu, na yahusu biashara yenyewe. Bei kushuka peke yake haimo kwenye orodha, kwa sababu kwa mnunuzi wa thamani bei kushuka huku biashara ikiwa nzima ni habari njema.

Kwa benki, vipimo vinapatikana bure kila robo mwaka kwa kuwa sheria inazilazimu kuchapisha hesabu zao. Benki Kuu inataka mtaji wa msingi, yaani hasa pesa za wenyehisa wenyewe, usiopungua asilimia 10.5 ya mali zilizopimwa kwa hatari, mtaji wote asilimia 14.5, na ukwasi, yaani fedha zinazopatikana haraka, asilimia 20. Basi ukurasa wako unaweza kusema hivi: nauza mtaji wa msingi ukishuka chini ya asilimia 12.5, sinunui zaidi mikopo isiyolipika ikipita asilimia 15 ya mikopo yote, nauza mkaguzi wa hesabu akitoa maoni yenye kasoro, yaani akikataa kuzithibitisha hesabu zote kuwa sawa. Kwa kiwanda, masharti hubadilika: fedha taslimu kutoka kwa shughuli za biashara kuwa hasi miaka 2 mfululizo, madeni ya muda mfupi kuzidi mali za muda mfupi, riba kula zaidi ya theluthi moja ya faida ya uendeshaji, au wanaoiuzia malighafi kucheleweshewa malipo kupita siku 90.

Sharti hilo la mwisho halihitaji shahada ya uhasibu, na huku magharibi lingeokoa pesa nyingi. Mumias Sugar iliingia soko la hisa mwaka wa 2001. Mwaka wa fedha wa 2012 ilipata faida ya takriban shilingi bilioni 2. Mwaka uliofuata ikapata hasara ya zaidi ya bilioni 1.6, kisha bilioni 2.7 mwaka wa 2014, kisha bilioni 4.6 mwaka wa 2015. Septemba 2019 ikawekwa chini ya meneja mrasimu, yaani msimamizi anayeteuliwa kwa niaba ya mdai, na biashara ya hisa zake ikasimamishwa. Miaka hiyo yote, mkulima wa miwa wa Kakamega au Bungoma aliyekuwa akingojea malipo yake mwezi baada ya mwezi alikuwa na taarifa ambayo mchambuzi wa Nairobi angeisoma kwenye ripoti ya mwaka baada ya muda mrefu.

Ukitazama vizuri kilichowanasa wanunuzi, utaona ni kitu kinachofanana sana na uwekezaji wa thamani. Kila mwaka hisa ilionekana rahisi zaidi ukilinganisha bei yake na mali zilizoandikwa kwenye mizania: kiwanda, mtambo wa kuzalisha umeme kwa makapi ya miwa, kiwanda cha ethanoli, shamba la kampuni. Lakini mtambo wa kusaga usio na miwa ya kusaga ni chuma, na chuma huuzwa kwa kilo. Thamani ya mali hutokana na fedha zinazozalishwa na mali hiyo. Mtu mwenye sharti la "hasara miaka 2 mfululizo" angetoka baada ya hesabu za 2014. Angekuwa amepoteza sehemu kubwa, sikatai, lakini angebaki na kitu. Aliyeendelea kununua kila bei iliposhuka ili apunguze wastani alikuwa anaruka na helikopta 4, kisha 3.

Njia ya kurudi

Kule jangwani, uamuzi wa kusitisha haukuua mtu. Watu 8 walikufa baadaye, katika harakati za kuondoka, helikopta moja ilipoigonga ndege ya EC-130 iliyokuwa imebeba mafuta, usiku, katikati ya vumbi. Linganisha na Waisraeli walioingia Entebbe Julai 1976. Njia yao ya kurudi ilipitia Nairobi, na ndege zao ziliongezwa mafuta hapo kabla ya kuelekea nyumbani. Njia ya kutoka wanunuzi wengi wa hisa hawaifikirii hadi siku wanapotaka kuuza.

Soko letu ni jembamba. Kaunta chache kama Safaricom, Equity na KCB hubeba sehemu kubwa ya mauzo, na nyingine zinaweza kupitisha siku nzima bila hata hisa moja kubadilisha mkono. Kabla ya kununua, chukua wastani wa idadi ya hisa zilizouzwa kwa siku katika miezi 3 iliyopita. Ukitaka kuuza bila kuiangusha bei mwenyewe, usizidi moja kwa tano ya wastani huo. Sasa fanya hesabu. Chama cha uwekezaji kina hisa 20,000 katika kaunta inayouza wastani wa hisa 3,000 kwa siku. Moja kwa tano ni 600. Kuondoka kutachukua siku 34 za soko, karibu wiki saba, na hapo tunachukulia kwamba wanunuzi hawajasikia habari uliyoisikia wewe.

Wakiwa wamesikia, mambo hubadilika. Bei ya hisa hairuhusiwi kusogea zaidi ya asilimia 10 kwa siku, hivyo habari mbaya inapotoka bei hugonga kikomo cha chini na wauzaji hupanga foleni bila mnunuzi. Kesho yake inagonga tena. Hata ukifanikiwa kuuza, malipo hukamilika siku ya tatu ya kazi. Kwa hiyo kaunta nyembamba inahitaji sharti la mapema zaidi. Kama kwa benki kubwa unauza mtaji wa msingi ukifika asilimia 12.5, kwa benki ndogo ambayo hisa zake hazisogei weka 13.5, ili uanze kutembea kabla ya wengine kukimbia.

Tazama pia pengo kati ya bei anayotoa mnunuzi na anayotaka muuzaji. Mnunuzi akiwa 16.50 na muuzaji 18.20, ukinunua kwa bei ya muuzaji na kugeuka papo hapo umeshapoteza zaidi ya asilimia 9 kabla ya kamisheni. Kamisheni na ada kwa mnunuzi mdogo hukaribia asilimia 2 kila upande, yaani karibu 4 kwenda na kurudi. Mwambie dalali wako oda iwe na bei maalum, siyo "nunua kwa bei iliyopo". Oda ya bei iliyopo kwenye kaunta nyembamba ni zawadi kwa mtu usiyemjua.

Ukaguzi kabla ya kuruka

Katika vikosi vya miamvuli vya Marekani, msimamizi wa kuruka humkagua kila askari kwa macho na kwa mikono, kwa mpangilio uleule kila mara, akianzia kwenye helmeti. Haangalii kama anayekaguliwa ni kuruta au jenerali. Sababu yake ni rahisi: jicho likiachiwa uhuru huruka kile linachodhani kiko sawa, na kamba iliyojikunja huwa mahali hapo hapo.

Ripoti ya mwaka ya kampuni nayo ina mpangilio wake, na mpangilio huo umetengenezwa na kampuni. Inaanza na picha za watoto wakipanda miti, kisha barua ya mwenyekiti, na mambo mazito yamelazwa ukurasa wa 140. Mimi naona isomwe kinyumenyume, kwa utaratibu usiobadilika.

Kwanza ripoti ya mkaguzi wa hesabu. Unatafuta maneno kuhusu shaka kubwa juu ya uwezo wa kampuni kuendelea na biashara, au maoni yenye kasoro. Ukiyakuta, funga kitabu. Kisha mtiririko wa fedha. Jumlisha faida baada ya kodi ya miaka 5, halafu jumlisha fedha taslimu zilizotokana na shughuli za biashara kwa miaka hiyo hiyo. Faida ikiwa jumla ya bilioni 10 na fedha taslimu ni bilioni 6, kuna bilioni 4 za kutafutwa, na mara nyingi utazikuta kwa wadaiwa wasiolipa au kwenye ghala la bidhaa zisizouzika. Kisha maelezo ya madeni: kiasi gani kinaiva ndani ya miezi 12, na ni shilingi au dola. Kampuni inayouza kwa shilingi na kudaiwa kwa dola imeweka dau ambalo wenyehisa wengi hawajui wameliweka. Halafu biashara na watu walio karibu na wakurugenzi. Halafu idadi ya hisa miaka 10 iliyopita na sasa, maana kampuni inayouza hisa mpya kila baada ya miaka michache hukata mkate uleule vipande vingi zaidi. Hapo ndipo ufungue taarifa ya faida na hasara. Barua ya mwenyekiti iwe ya mwisho. Ukiianza, itakupa miwani ya kusomea yaliyobaki.

Ukikatizwa na simu katikati, rudi mwanzo wa sehemu uliyokuwa. Mambo yanayoharibika huharibika kwenye "nilikuwa nimefika wapi?"

Baada ya karatasi ni upelelezi wa miguu, na hapa mtu wa Nakuru au Kisumu hana sababu ya kujiona mdogo mbele ya wa Nairobi. Eveready iliingia sokoni mwaka wa 2006 kwa shilingi 9.50 kwa hisa, na kiwanda chake cha betri hapa Nakuru kikafungwa 2014. Ushindani wa betri za bei ya chini kutoka nje ulikuwa unaonekana kwenye rafu za duka lolote la jumla mjini, na simu za mkononi zenye tochi zilikuwa mfukoni mwa kila mtu. Rafu za maduka makubwa ya Uchumi nazo zilikuwa na mapengo kabla kampuni haijakiri lolote la maana. Hii ni kazi ya doria: hesabu malori langoni, uliza mwenye duka bidhaa gani inatoka na ipi inakaa, muulize msambazaji analipwa baada ya siku ngapi. Andika tarehe, rudi baada ya miezi 3, linganisha. Mpaka ni mmoja tu. Unachokiona barabarani au dukani ni chako. Lakini binamu yako aliye kwenye idara ya fedha akikunong'oneza hesabu ambazo hazijatangazwa, kununua au kuuza kwa taarifa hiyo ni kosa la jinai.

Bei unayoweza kuitetea

Hesabu ya thamani isiwe na madoido. Chukua kampuni ya kubuni yenye wastani wa faida ya shilingi 5.60 kwa hisa katika miaka 7, ukiwamo mwaka mbaya. Usiuondoe mwaka mbaya kwa kuuita wa dharura, dharura ni sehemu ya biashara. Toa 1.40, kiasi ambacho kampuni hutumia kununua mitambo zaidi ya kile kilichokatwa kama uchakavu. Inabaki 4.20 ambayo mwenyehisa anaweza kuiita yake.

Sasa uliza serikali inalipa ngapi. Hati fungani ya muda mrefu ikitoa asilimia 13, hisa yenye hatari zaidi lazima ikupe zaidi, tuseme 17. Gawanya 4.20 kwa 0.17, unapata takriban 24.70. Hiyo ndiyo thamani bila kutegemea ukuaji wowote. Toa theluthi moja kwa ajili ya makosa yako mwenyewe, unabaki na 16.50. Hapo ndipo oda yako inapokaa, na ikiwa soko linataka 22, unangoja. Riba ya serikali ikipanda ukalazimika kudai asilimia 20, thamani inashuka hadi 21 hata kama kampuni haijabadilika hata kidogo, nayo bei yako inashuka hadi 14. Wengi walioshangaa kwa nini hisa nzuri zilianguka riba zilipopanda hawakuwahi kufanya mgawanyo huu mmoja.

Gawio lisikuvutie peke yake. Kodi yake kwa mkazi ni asilimia 5, ndogo kweli, lakini gawio linalolipwa kwa mkopo ni kampuni inayokurudishia pesa zako kwa mkono mmoja na kukukopea kwa mwingine. Linganisha gawio na fedha taslimu ulizozikagua hapo juu.

Askari haingii doria na kufyatua risasi zote kwenye kichaka cha kwanza. Ukiwa na shilingi 500,000, tenga 150,000 kwenye mfuko wa soko la fedha au dhamana fupi za Hazina, na iliyobaki igawe kwa kampuni 7 za 50,000 kila moja. Kila 50,000 inunuliwe kwa awamu tatu. Kwa bei ya 16.50, awamu moja ni takriban hisa 1,000. Ya kwanza bei inapofika. Ya pili baada ya hesabu zinazofuata, masharti yakiwa bado mazima. Ya tatu bei ikishuka zaidi bila sharti lolote kuvunjika.

Ile akiba ya 150,000 nayo ipewe amri yake mapema: isiguswe mpaka kampuni iliyokwisha kukaguliwa iuzwe kwa chini ya nusu ya thamani uliyoiandika. Siku kama hizo huja. Agosti 2016 sheria ya kudhibiti riba za mikopo ilipotiwa sahihi, hisa za benki zilianguka. Tarehe 13 Machi 2020, kisa cha kwanza cha korona kilipotangazwa, biashara sokoni ilisimamishwa kwa muda kutokana na bei kuporomoka. Aliyekuwa na akiba na orodha iliyokaguliwa alikuwa na kazi ya kufanya siku hizo.

Pesa za mkopo zisiingie humu kabisa. Safaricom iliuzwa kwa umma mwaka wa 2008 kwa shilingi 5, na wapo waliokopa ili wanunue. Mwaka uliofuata bei ilishuka hadi chini ya 3. Kampuni ilikuja kustawi, lakini benki au Sacco haingojei kampuni istawi, inataka lake mwisho wa mwezi.

Kimya

Watu hudhani mafunzo ya vikosi maalum ni kupigiwa kelele zaidi ya zile za kuruta wa Eldoret. Kwenye mchujo wa SAS wa Uingereza, katika milima ya Brecon Beacons, ni kinyume. Wakufunzi hawakusifu wala hawakutukani. Unapewa kituo kinachofuata, unatembea. Matembezi ya mwisho ni takriban kilomita 64 na mzigo mgongoni, na yanatakiwa kukamilika ndani ya saa 20. Wengi huanguka kwa kukosa mtu wa kuwaambia kama wanakwenda vizuri.

Hisa iliyonunuliwa kwa thamani hukaa hivyo hivyo. Inaweza kukaa miaka 2 au 3 palepale, kaunta ya jirani ikipanda kila wiki na shemeji akikuuliza kama bado una "zile zako". Dawa yake ni ratiba. Hesabu za nusu mwaka na za mwaka zisomwe wiki zinapotoka. Bei itazamwe mara moja kwa mwezi. Kitu pekee kinachokatiza ratiba ni tangazo rasmi la kampuni, hasa onyo la faida, ambalo kampuni hulazimika kulitoa ikiona faida yake itapungua kwa asilimia 25 au zaidi ukilinganisha na mwaka uliopita. Onyo hilo likitoka, toa ukurasa wako siku hiyo hiyo.

Ya kuacha getini

Si kila tabia ya jeshi inafaa. Ile ya kutomwacha mwenzako nyuma ni tukufu vitani, na ni sumu kwenye hisa. Hisa haijui kwamba unaimiliki. Inayofuata ni ile hamu ya kutenda: ofisa aliyefunzwa kwamba uamuzi wa haraka ni bora kuliko kuchelewa ataona aibu kukaa miezi 8 bila kununua chochote, na mwezi wa tisa atanunua kitu ili tu awe amenunua.

Ya tatu ni cheo, na hii huviua vyama vya uwekezaji vya wastaafu. Aliyekuwa meja akisema kampuni ni nzuri, aliyekuwa koplo hasemi alichokiona dukani. Jeshi lenyewe lina dawa. Katika mahakama za kijeshi za mtindo wa Kiingereza, mwenye cheo cha chini hupiga kura kwanza ili asifuate mkubwa wake. Kwenye chama fanyeni hivyo: kila mmoja aandike bei yake na sababu moja ya kukataa kwenye karatasi, zikusanywe, zisomwe kuanzia kwa mwanachama mpya. Mpeni pia mtu mmoja kazi ya kupinga, na zamu hiyo izunguke, la sivyo mpinzani wa kudumu ataitwa mkorofi na kuacha kusikilizwa.

Kikao cha tathmini kifanywe mara mbili kwa mwaka. Maswali ni yale ambayo jeshi la Marekani liliyazoeza kwenye kituo chake cha Fort Irwin miaka ya 1980: tulikusudia nini, kilitokea nini, kwa nini, tutabadilisha nini. Katibu asome kwanza ukurasa wa siku ya kununua, neno kwa neno, kabla yeyote hajafungua kinywa. Mali bila daftari huisha bila habari, na kumbukumbu za watu kumi kuhusu kwa nini walinunua hisa iliyopanda huwa nzuri kupita kiasi. Kisha tenganisheni uamuzi na matokeo. Mkinunua bila ukaguzi na bei ikapanda, iandikeni kama kosa lililolipa, maana mkiliita ushindi mtalirudia kwa pesa nyingi zaidi. Mkifuata kila hatua na sharti likavunjika mkatoka na hasara ya asilimia 15, hakuna wa kulaumiwa na hakuna cha kubadilisha.

Kurasa za hisa mlizozikataa zisomwe pia. Iliyokataliwa kwa 17 na sasa iko 31 ichunguzwe kama zilizonunuliwa: faida imekua kweli, au bei imepanda peke yake? Ikiwa ni faida, angalieni kama ile asilimia 17 mliyodai ilikuwa kali mno kwa biashara ya namna hiyo. Ikiwa ni bei tu, rudisheni ukurasa kwenye faili na oda ibaki 16.50.